Bwana Msa au kituo kizima: uchukue ipi?

Shemeji yangu alikuwa anasafiri na basi la alfajiri kwenda Mwanza, na usiku wake akapita nyumbani kuaga. "Shemeji, nipe riwaya moja ya upelelezi. Moja tu, begi limejaa." Nikachomoa The Laughing Policeman ya Wasweden wawili, Maj Sjöwall na mwenzake Per Wahlöö. Mama Salma akaniuliza inahusu nini. Nikamwambia: usiku mmoja wa mvua, Novemba 1967, basi la ghorofa linakutwa Stockholm limeacha njia, na ndani yake watu tisa wamemiminiwa risasi.

"Baba Salma, mtu anapanda basi saa kumi na moja asubuhi, wewe unampa kitabu cha maiti ndani ya basi?"

Nikakirudisha. Nikachukua Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, hicho kisicho na basi hata moja. Lakini swali likabaki, maana vitabu viwili hivi, ingawa vyote vinaitwa vya upelelezi, havifanyi kazi moja. Kimoja ni cha mtu mmoja mwenye akili kuliko wote waliomo. Kingine ni cha kituo kizima cha polisi ambacho hakuna hata mmoja ndani yake mwenye akili ya kutosha peke yake. Ukichukua kimoja ukitarajia utamu wa kingine, utaona mwandishi hajui kazi, kumbe ni wewe uliyeingia msiba usio wako.

Tuanze na huyu wa peke yake, maana ndiye mkubwa kwa umri. Dupin wa Edgar Allan Poe alitokea mwaka 1841, Sherlock Holmes wa Conan Doyle akafuata 1887. Kwetu mlango ulifunguliwa na kitabu hicho hicho nilichomshikisha shemeji: kilishinda mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957/58, kikachapwa 1960, na ndani yake akatoka Bwana Msa na kiko chake mdomoni. Angalia herufi za kwanza za jina la mwandishi uone jina la mpelelezi lilikotoka. Mtu ameuawa mahali pa mzimu, watu wanasema ni mizimu imekasirika, Bwana Msa anakataa kwa upole kabisa na kuanza kuuliza habari za walio hai.

Raha ya kitabu cha namna hii ni kwamba umealikwa kutazama. Bwana Msa anaona unachoona, lakini hakwambii amekionaje. Ndiyo maana mabingwa hawa karibu wote wana rafiki pembeni: Holmes ana Watson, Bwana Msa ana Najum. Rafiki huyo si pambo. Kazi yake ni kuwa na akili ya kawaida, kama yako na yangu, ili bingwa awe na mtu wa kumficha jambo bila msomaji kuona anachezewa. Kama hadithi ingesimuliwa kutoka ndani ya kichwa cha Holmes, ingekwisha ukurasa wa kumi. Kwa hiyo mwandishi anakaa na akili nyepesi, anaiacha nzito itembee mbele hatua mbili, na mwisho wanakutana sebuleni, wote wameketi, bingwa anafungua fundo moja baada ya jingine. Ukifika hapo ukajipiga paji la uso ukasema "ah, kweli!", basi kitabu kimetimiza ahadi yake.

Ukipenda mafumbo, chukua huyu. Ukipenda kusoma kwa safari moja ukamaliza, chukua huyu. Na kama kitabu unakikuta cha tatu au cha tano kwenye mfululizo, usihangaike kutafuta cha kwanza: Holmes ana riwaya nne na hadithi fupi 56, na unaweza kuzisoma kwa mpangilio wa kuokota tu. Bingwa habadiliki sana. Haoi akaachika, hazeeki mbele yako, hapandi cheo. Anakuja na kesi, anaondoka nayo.

Kikosi ni habari nyingine kabisa.

Rudi kwenye lile basi la Stockholm. Maiti wamelala kwenye siti zao, na mpelelezi Martin Beck na wenzake kituoni hawana hata swali la kuanzia, maana hawajui muuaji alimtaka nani. Tisa walipigwa, je, alimtaka mmoja na wengine wanane waliponzwa na nauli yao? Hapo bingwa wa peke yake angewasha kiko. Hawa wanafanya jambo ambalo kila aliyewahi kufanya kazi ofisini atalitambua: wanagawana maiti. Wewe chukua huyu, mimi huyu, kafuatilie alikaa wapi, alikula na nani, alikuwa anatoka wapi saa ile ya usiku. Askari wanaletwa kusaidia kutoka miji mingine, na mmoja wao anapotea mitaani kwa sababu Stockholm haijui. Kuna majeruhi mmoja aliyebakiwa na pumzi, anaulizwa maswali hospitalini, anajibu maneno mawili yasiyoeleweka, anakufa. Sauti yake imerekodiwa. Wanaisikiliza, wanarudia, wanabishana, kila mmoja anasikia lake.

Na mmoja wa maiti hao tisa ni askari mwenzao, kijana, Åke Stenström. Alikuwa anafanya nini ndani ya basi lile usiku ule, wakati wenzake wote walidhani yuko mapumzikoni? Sitasema mwisho. Nitasema tu kwamba kijana huyu alikuwa ameamua kuchunguza kesi ya zamani kimyakimya, peke yake, atoke siku moja na jibu mkononi. Yaani ndani ya riwaya ya kikosi kuna mtu aliyejaribu kuwa Sherlock Holmes, na ndiye aliyeketi kwenye siti akiwa maiti. Sijapata kuona hoja ya upande wa kikosi iliyowekwa kwa ukatili kuliko hiyo, na hakuna anayeitamka kwa sauti kitabuni. Kilipewa tuzo ya Edgar huko Marekani mwaka 1971, jambo ambalo kwa kitabu cha tafsiri si dogo.

Hawa Wasweden hawakuianza wao njia hii. Mmarekani Ed McBain aliitengeneza barabara kuanzia 1956 na Cop Hater, kitabu cha kwanza cha kituo namba 87 katika Isola, sehemu ya mji wa kubuni, na akaendelea na kituo hicho hicho, vitabu zaidi ya hamsini, hadi alipofariki 2005. Sjöwall na Wahlöö walitafsiri vitabu vyake kwa Kiswidi, na deni linaonekana. McBain alikuwa na tabia moja ambayo zamani ilinikera: anakuwekea fomu kurasani. Ripoti ya daktari, kadi ya mhalifu, karatasi ya kibali cha bastola, zimechorwa kama zilivyo, na mistari yake na nafasi za kujaza. Nilikuwa naziruka.

Nikaacha kuziruka baada ya kuibiwa mtungi wa gesi na jiko lake la plate mbili. Nilikwenda kituoni, nisikitaje. Kaunta ilikuwa na askari watatu: mmoja anaandika, mmoja anatafuta kalamu, mmoja anamsikiliza mama aliyekuja na kesi ya kuku. Nilieleza habari zangu mara tatu kwa watu watatu, kila mmoja akaandika kitu tofauti kidogo. Rangi ya mtungi ilibadilika kutoka bluu ikawa kijani njiani kati ya mdomo wangu na daftari. Nikapewa RB, kipande cha karatasi chenye namba, nikaambiwa nirudi. Nikarudi, zamu nyingine, nikaeleza upya. Mtungi haukuonekana mpaka leo, na ile karatasi bado iko kwenye pochi yangu, imekunjika hadi namba inasomeka nusu.

Sasa nikisoma fomu za McBain nasoma kwa makini, maana najua hapo ndipo ukweli unapopotea au kupatikana. Katika riwaya ya kikosi, adui wa kwanza si muuaji. Ni habari iliyoandikwa kwenye daftari la mtu aliyetoka zamu. Askari A anajua kitu, askari B anajua kitu, na kitabu kizima ni safari ya vitu hivyo viwili kukutana mezani. Wewe msomaji unavijua vyote viwili, umeviona, unataka kupiga kelele. Kwa Bwana Msa unajua pungufu ya mpelelezi. Hapa mara nyingi unajua zaidi ya kila askari mmoja mmoja. Ni wasiwasi wa aina nyingine, na kuna watu hawauwezi.

Tena inachosha, niseme ukweli. Roseanna, kitabu cha kwanza cha Martin Beck, 1965, kinaanza na mwanamke aliyeopolewa kwenye mfereji wa Göta, na miezi inapita kabla jina lake halijajulikana. Miezi! Kumbe alikuwa mtalii kutoka Lincoln, Nebraska, akisafiri kwenye meli iliyobeba watu wa mataifa mbalimbali ambao sasa wametawanyika duniani. Kazi inakuwa kuandika barua, kusubiri, kuomba kila abiria atume picha alizopiga safarini, kisha kukaa gizani kutazama picha za likizo za watu wasiokuhusu ili uone kama kuna kichwa cha mtu nyuma ya bega la mtu. Nilipokisoma mara ya kwanza niliacha katikati nikaenda kwa Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa. Mara ya pili, na umri umesogea, sikuweza kukiweka chini, hasa zile kurasa za kusubiri. Kwa hiyo umri wako nao ni kipimo, wala sioni aibu kusema.

Na hapa mpangilio una maana. Vitabu vya Beck ni kumi, kuanzia 1965 hadi 1975, na watu wanaishi humo. Ndoa ya Beck inachakaa polepole mbele yako. Rafiki yake Kollberg anafika mahali anachoka na upolisi kabisa. Stenström unakutana naye kwenye kitabu cha kwanza, kijana tu anayetumwa huku na huku. Ukiruka moja kwa moja hadi cha nne, yule maiti kwenye siti anakuwa maiti tu. Kama huna subira ya kutafuta mfululizo kwa zamu, au unategemea vitabu vya mitumba ambavyo vinakuja kwa bahati, kikosi kitakunyima nusu ya utamu wake.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitaji wanapolinganisha, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote: nani ana ruhusa ya kusamehe. Katika hadithi ya Holmes ya mwaka 1892 kuhusu kito cha bluu kilichofichwa tumboni mwa bata bukini, Holmes anamkamata mwizi, anamwona anavyotetemeka, anamfungulia mlango aende zake. Anaweza. Hana bosi, hana jalada, hakuna hakimu anayemsubiri. Mpelelezi wa peke yake ni polisi, mwendesha mashtaka na kadhi kwa pamoja, na tunamwamini kwa sababu mwandishi amemfanya mwema. Kikosi hakina ruhusa hiyo. Akishakamatwa mtu, jalada linakwenda, na mara nyingine Beck na wenzake wanaonekana wakimhurumia waliyemshika kuliko wanavyoshangilia. Ukitaka kitabu kikuache na moyo mwepesi, rudi kwa Holmes. Ukitaka kikuache umekaa kitandani ukitazama ukuta, unajua pa kwenda.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna na hesabu ya rafu. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo tulivyofundishwa, lakini riwaya zetu za upelelezi zimekaa miaka sitini zikithibitisha kwamba kinavunja. Bwana Msa ni peke yake na Najum wake. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia na Kufa na Kupona mwaka 1974, ni jasusi wa serikali, lakini serikali inamtuma yeye. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ana Nuru ubavuni na Inspekta Kombora nyuma yake, na Kombora, masikini, kazi yake kubwa ni kufika mlango ukiwa umeshafungwa. Hata Faraji Katalambulla alipomtoa askari wa kweli, Inspekta Wingo, katika Simu ya Kifo mwaka 1965, kinachobaki kichwani baada ya kufunga kitabu ni Wingo. Kituo chake hukikumbuki.

Kwa nini iwe hivyo? Mimi naona Bwana Msa ni ndugu wa Abunuwasi na wa sungura kabla hajawa ndugu wa Holmes. Masikio yetu yamelelewa na mjanja mmoja anayeingia baraza la wakubwa na kutoka anacheka. Na pengine msomaji wa kawaida, mwenye karatasi ya RB kwenye pochi, hataki kulipa hela ya kitabu aende tena kukaa kaunta. Lakini hilo linamaanisha kwamba ukitaka kikosi leo, kwa sehemu kubwa utakisoma kwa Kiingereza. Kama Kiingereza kinakuchosha usiku baada ya kazi, hicho peke yake kinatosha kuamua, wala usione umepungukiwa: lugha ya Muhammed Said Abdulla, na Kiunguja chake kinachotiririka, haina mbadala kwenye rafu ya pili. Kuna kurasa zake nasoma kwa sauti bila kujali nani ameuawa.

Wapo watakaosema mpaka huu ni wa kuchora tu, na wana hoja. McBain alitaka kwa makusudi shujaa awe kituo chenyewe, askari waingie na kutoka kama kazini. Kwenye kitabu chake cha tatu akampiga risasi Steve Carella, mmoja wa askari hao, afe. Mchapishaji akakataa katakata: huyu ndiye shujaa, hafi. McBain akamponya. Kumbuka Conan Doyle naye alimuua Holmes mwaka 1893 kwa kumchoka, na wasomaji wakamlazimisha kumrudisha. Yaani hata ukiandika kikosi cha watu kumi na sita, msomaji atachagua mmoja wa kumpenda, na mchapishaji anamjua ni nani.

Kwa asiyetaka kuchagua yupo Maigret wa Georges Simenon, riwaya 75 kati ya 1931 na 1972. Ni kamishna wa polisi wa Paris, ana vijana wake Lucas, Janvier na Lapointe wanaozunguka mji mzima kwa ajili yake, na wakati wao wanazunguka yeye ameketi, ameagiza bia na mikate, anamtazama mtuhumiwa mpaka mtu anachoka kudanganya. Kikosi kinaleta habari, mmoja anaielewa. Ni vifupi, vinaingia mfuko wa koti. Mtu akiniambia hajawahi kusoma upelelezi wowote na ana jioni mbili tu, huyo ndiye ninayempa, ingawa mwenyewe nikiwa na jioni mbili tu huwa sichukui yeye.

Usiku ule sikumpa shemeji Maigret kwa sababu nimemwazima mtu, hajarudisha, na anajijua. Nilimwekea Mzimu wa Watu wa Kale juu ya begi, nikamwambia Bwana Msa ndiye wa safari, atammaliza kabla ya Singida, tukaagana.

Asubuhi nilikikuta kile kitabu mezani, kimelazwa kifudifudi, na kwenye rafu pana pengo. Saa tano simu ikalia ujumbe. Wamesimama Morogoro kula.

"Shemeji, huyu askari kijana aliyefia kwenye siti, mbona wenzake wanaumia hivi? Nilitakiwa niwe namjua?"